Mnara wa karibu au wa mbali: upi kwa intaneti ya nyumbani?

Huku Goba, Dar es Salaam, ubishi hauishi: ruta ielekee mnara wa simu wa karibu, au ule wa ng'ambo ya bonde?

Kwa gharama, wa karibu unashinda. Unaweka ruta dirishani, basi. Wa mbali unadai antena ya nje, waya na fundi wa kupanda juu ya paa.

Kasi ndiyo yenye mambo. Wengi hutazama vijiti vya mawimbi tu, lakini fungua mipangilio ya ruta usome namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -80 dBm ni nzuri, -110 ni dhaifu. SINR ni usafi wake: ikizidi 20 ni safi sana, ikikaribia 0 kelele ni nyingi. Kwangu mnara wa karibu ulisoma RSRP ya -78, lakini saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, video zilikwama. Wa ng'ambo ulisoma -97 na video zikatembea. Kwa hiyo pima saa ya msongamano, si alfajiri.

Antena ya nje inataka matunzo. Upepo ukiigeuza kidogo, kasi inashuka. Kigamboni na Mbezi Beach, chumvi ya bahari hula viungio.

Umepanga chumba Sinza? Baki na wa karibu, usitoboe ukuta wa mwenye nyumba. Una nyumba yako mlimani, mnara wa pili unauona kwa macho na jioni mtandao unakwama? Azima antena ujaribu kabla ya kununua.