Postfix: seva ya meili inayoheshimu anwani za watu

Kama unaendesha seva ya meili mwenyewe chukua Postfix, nasema hivi kwa moyo wote. Ilianzishwa na Wietse Venema akiwa IBM, ikatoka 1998 na mpaka leo iko fiti. Ninachoipendea ni jinsi inavyoshughulikia heda za anwani (mistari ya juu ya barua kama From na To): barua ikija kwa SMTP, itifaki ya kutumiana barua pepe, haiangalii To wala Cc kujua iende wapi, inafuata anwani zilizotajwa kwenye RCPT TO (amri ya SMTP inayotaja mpokeaji), ndo maana wa Bcc, yaani nakala ya siri, anapata barua na wenzake hawamwoni, ile laini ya Bcc inafutwa kabisa. Skripti ya kwenye mashine yako ikiandika From: root tu, inamalizia yenyewe @ na domeni uliyoweka kwenye seting ya myorigin. Ila heda za barua ya mtu wa nje haizibadilishi, imekuwa hivyo tangu toleo la 2.2 labda uiambie wewe, na hapo ndo patamu, maana ukichezea From ya mtu saini ya DKIM (ya kidijitali, inayothibitisha barua haijachezewa) inaharibika barua inaishia spamu. Kinachokera ni seting za canonical na generic, zote za kubadilisha anwani, wageni wanazichanganya sana: generic ni kwa barua zinazotoka kwa SMTP, canonical inagusa mpaka za ndani. Nyota 4 kati ya 5.