Samaki au kuku: hoteli za Lamu ziweke nini mbele?

Mwenye hoteli hapa Amu, yaani Lamu, akiniuliza aweke nini mbele kwenye menyu, kuku na chipsi au samaki, namwambia samaki, tena sifikirii mara mbili. Kuku ana raha yake sikatai, bei haichezi sana, watoto wanampenda, na mwenye aleji ya kamba anapata cha kula. Lakini broila mara nyingi anavushwa na boti kutoka Mokowe, upande wa bara, na ladha ni ile ile mgeni ashaila Nairobi.

Samaki je? Samaki aina ya changu katoka baharini asubuhi, jicho linang'aa, mashavu mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi, mchana yuko juu ya makaa anapakwa tui zito lenye ndimu na pilipili, harufu imejaa kichochoro chote, nani atapita hapo asiingie? Na pesa inabaki kwa mvuvi wetu.

Shida ni msimu wa upepo wa kusi, bahari inachafuka, madau madogo hayatoki, bei juu, hapo ndo kuku anaokoa. Kwa hivyo samaki usiwachape kwenye menyu ya kudumu, andika ubaoni kilichopatikana leo, nguru, pweza, kaa, na kama kamba hakuna sema hakuna, usimpe mgeni kamba wa friji wa wiki jana.