Kura ya pauni 3: bidhaa iliyofanya kazi, duka lililojuta

"Paka pauni tatu?" Mtu wa Kamalondo au wa Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi) huuliza hivyo kwanza (yaani "pauni tatu tu?") anapoelezwa kwamba mwaka 2015 chama cha Labour cha Uingereza kilimruhusu hata asiyekuwa mwanachama kumchagua kiongozi wake kwa kulipa pauni 3. Swali la pili huulizwa na wenye uzoefu wa kampeni: "Na tisheti juu?" Hapana, yaya. Tisheti hakuna, kikwembe hakuna, bia ya Simba ya baridi hakuna. Unalipa, unatumiwa namba ya siri, unapiga kura, mmemalizana.

Pauni 3 wakati ule zilikuwa kama dola 4 na nusu, na dola yenyewe ilikuwa bado inazunguka kwenye franka 920 hivi. Piga hesabu: franka 4,000 na kitu. Kwa bei hiyo wanunuzi walimpata Jeremy Corbyn, mbunge wa Islington North tangu 1983, mzee wa mrengo wa kushoto ambaye ndani ya chama chake alikuwa amezoea kupiga kura kinyume na wakubwa. Alitangazwa London tarehe 12 Septemba 2015 kwa asilimia 59.5. Watu waligombana sana juu yake yeye. Kifaa kilichomfikisha pale kilisahaulika haraka, na ndicho tunachokipima hapa: bei, utaratibu, kasoro, na kilichotokea baada ya mauzo.

Kwanza, kilikotoka. Hadi uchaguzi wa 2010 kura ya Labour iligawanywa mafungu matatu yenye uzito sawa: wabunge fungu moja, wanachama fungu moja, sendika (vyama vya wafanyakazi) na vyama shirika fungu moja. Mbunge mmoja alikuwa na uzito wa mamia ya wanachama. Kwa mpango huo Ed Miliband alimshinda kaka yake David mwaka 2010 kwa asilimia 50.65 dhidi ya 49.35, na fungu la sendika ndilo lililombeba, kwa kuwa David aliongoza kwa wabunge na kwa wanachama pia. Maneno hayakuisha. Machi 2014 kanuni zikabadilishwa: mtu mmoja, kura moja, zote uzito sawa. Na hapo ndipo mlango wa tatu ulipofunguliwa, ule wa "mfuasi aliyeandikishwa", wa pauni 3. Wa sendika waliingia kama wafuasi washirika bila kulipa cha ziada, ila ilibidi kila mmoja ajiandikishe mwenyewe. Ni kana kwamba mfanyakazi wa migodi ya Gécamines au wa reli ya SNCC angepata kura ndani ya chama kupitia sendika yake, lakini akubali kwa mkono wake, asiandikwe na katibu kwa jumla.

Kununua kulikuwa rahisi mno. Ulijaza fomu kwenye intaneti au ulituma mesaji kwa simu, pauni 3 zikakatwa, ukatoa jina na anwani. Ulitakiwa uwe kwenye daftari la wapiga kura la nchi, na ukubali tamko moja: kwamba unaunga mkono malengo na maadili ya Labour na hukiungi mkono chama kinachopingana nacho. Tamko hilo lishikeni, matatizo karibu yote yalipitia hapo. Kuanzia katikati ya Agosti ulipokea kura yako kwa barua pepe au kwa posta, na mwisho wa kupiga ulikuwa saa sita mchana tarehe 10 Septemba.

Karatasi ilikuwa na majina manne: Andy Burnham, Yvette Cooper, Jeremy Corbyn na Liz Kendall. Huweki alama moja. Unaandika 1 kwa unayemtaka zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea, au unaishia popote upendapo. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinahamia kwa namba 2 zake. Sisi ambao kwa rais tunahesabu duru moja tu tangu katiba ilipobadilishwa 2011, na mtu anaweza kushinda bila kufika nusu, hatuna budi kukiri kwamba hapa mashine yao ni bora. Duru ya pili inafanyika ndani ya karatasi ileile, bila kurudi kituoni wala kugharimia karatasi mpya.

Sasa kasoro. Ya kwanza ilionekana siku ya mwisho ya kujiandikisha, tarehe 12 Agosti. Duka lilitakiwa kufungwa saa sita mchana. Watu zaidi ya 160,000 walijaribu kujiunga ndani ya saa 24 za mwisho, mtambo ukazimia, na ikabidi waongeze saa tatu, hadi saa tisa. Anayejua foleni ya kampuni ya simu hapa mwisho wa mwezi hatashangaa, lakini tofauti ni kwamba bidhaa hii haikuwa na kesho.

Ya pili ni mbaya zaidi: uhakiki ulifanywa baada ya kupokea pesa. Chama kililipwa kwanza, kikachunguza baadaye. Makarani walilinganisha majina na daftari la wapiga kura, na orodha za wagombea wa vyama vingine, na maneno ambayo watu walikuwa wameandika kwenye mitandao. Kulikuwa na sababu ya kuogopa, kwani wafuasi wa Conservative, chama pinzani cha Labour, walikuwa wanahimizana waziwazi wakalipe pauni 3 wampigie Corbyn, wakiamini ataizamisha Labour. Wengine walijaribu kweli, na mbunge mmoja wa Conservative, Tim Loughton, alikamatwa na uhakiki huo. Lakini wavu uleule uliwanasa watu wa kushoto kabisa: Mark Serwotka, kiongozi wa sendika ya PCS, alikataliwa, na mchekeshaji Mark Steel pia. Watu hao walikuwa wameikosoa Labour kwa miaka kwa kuwa haikuwa ya kushoto vya kutosha. Walirudi kwa sababu sasa kulikuwa na mtu wa kumpigia, wakaambiwa hawana maadili ya chama. Kuna walioambiwa hivyo wakiwa tayari wamepiga kura.

Kosa hapa ni la fundi aliyechora fomu. Neno "maadili" halipimiki. Ungeandika "hukuwa mgombea wa chama kingine katika miaka miwili iliyopita", karani angeangalia orodha na kumaliza. Ukiandika "maadili", karani anageuka padri wa kitubio.

Ya tatu ni nakala mbili. Mtu aliyekuwa mwanachama na pia wa sendika aliweza kupokea kura mara mbili. Namba za siri ziliwezesha kuondoa iliyozidi wakati wa kuhesabu, lakini mtu aliyeshika bahasha mbili mkononi haamini hesabu ya mtu yeyote. Wengine walipokea kuchelewa, wakiwa na siku chache tu. Daftari lilianza na zaidi ya watu 610,000, likasafishwa mpaka 554,272.

Na swali ambalo wabunge wetu wa kusimama, wale wanaobishana siasa mtaani mbele ya magazeti, hawakosi kuuliza: shahidi ni nani? Kwetu chama hutuma mashahidi wake kituoni, wanasaini fomu, matokeo yanabandikwa mlangoni, mtu anapiga picha kwa simu. Kule kura zilikwenda kwa kampuni ya nje inayoendesha chaguzi, ikahesabu, ikatoa jumla. Hakuna mlango wa kubandika. Hata hivyo hakuna mgombea kati ya wanne aliyeyakataa matokeo, na hiyo ni alama kubwa kwa bidhaa. Kwetu tungetafuta alama hiyo kwa tochi.

Mazao ya kazi ni haya. Kura 422,664 zilipigwa, asilimia 76.3 ya walioandikishwa. Corbyn 251,417, Burnham 80,462, Cooper 71,928, Kendall 18,857. Duru moja, imekwisha. Malalamiko yaliyosikika zaidi siku ile ni kwamba watu wa pauni 3 wamenunua kiti. Tuyapime. Waliopiga kwa mlango huo walikuwa 105,598, na Corbyn alichukua 88,449, karibu asilimia 84. Ni nyingi sana, kweli. Lakini waondoe wote, kana kwamba mlango haukuwepo. Wanabaki wanachama 245,520, ambao 121,751 walimpa yeye namba 1, na wa sendika 71,546, ambao 41,217 walimpa yeye. Jumla 162,968 kati ya 317,066. Hiyo ni asilimia 51.4, bado ni ushindi wa duru ya kwanza. Pauni 3 ziliunenepesha ushindi, hazikuuzaa. Kitu pekee mlalamikaji anachoweza kushika ni kwamba kwa wanachama peke yao alipata 49.6, yaani karatasi za Kendall zingelazimika kuhesabiwa upya.

Baada ya mauzo mambo yakachemka. Jamie Reed, naibu waziri kivuli wa afya, alitangaza kujiuzulu Corbyn akiwa bado anatoa hotuba ya ushindi. Wakati huohuo wapya walikuwa wanajiunga na chama kwa maelfu, na mshindi mwenyewe alitoka ukumbini akaenda kwenye maandamano ya kuwapokea wakimbizi. Kesho yake David Cameron, waziri mkuu, aliandika kwamba Labour sasa ni tishio kwa usalama wa taifa, wa uchumi na wa familia yako. Siku tatu baada ya matokeo Corbyn alisimama kimya wimbo wa taifa ulipoimbwa katika kanisa la St Paul's, na magazeti yakapata chakula cha wiki nzima. Tarehe 16 aliingia bungeni na maswali aliyoyachagua katika barua pepe 40,000 za wananchi, akaanza na la mama aitwaye Marie kuhusu nyumba za kupanga. Mtu aliyelipa pauni 3 alikuwa na haki ya kusema siku ile: hiki ndicho nilichoagiza.

Hapa Lubumbashi Septemba hiyohiyo masikio yalikuwa kwingine. Mkoa wetu wa Katanga ulikuwa umetoka tu kukatwa vipande vinne, vyama saba vilivyojiita G7, kikiwemo UNAFEC cha Kyungu wa Kumwanza, vilikuwa vinatoka kwenye muungano wa rais Kabila, na mwisho wa mwezi Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, akaaga PPRD, chama cha Kabila. Angalia jinsi gari la kwetu linavyogeuka: mwenye chama anahama, na chama kinahama naye, kama begi. Kadi ya mwanachama haina sehemu ya kuandika 1 wala 2. Juu ya wote kuna "autorité morale", yaani mkubwa anayeheshimiwa na wote, na cheo hicho hakina karatasi ya kura. Kwa hiyo msomaji wa hapa akiona wabunge wa Labour wanamkataa kiongozi aliyechaguliwa na robo milioni ya watu, anadhani ni utovu wa adabu. Sivyo. Ni kasoro ya nne, iliyo ndani kabisa ya injini.

Ili jina liingie kwenye karatasi, mgombea alihitaji sahihi za asilimia 15 ya wabunge wa chama: 35 kati ya 232. Corbyn alizipata 36, za mwisho zikiingia dakika chache kabla ya saa sita mchana tarehe 15 Juni. Kadhaa kati ya hizo ziliazimwa. Wabunge kama Margaret Beckett walitia sahihi ili mjadala uwe mpana, bila nia ya kumpigia, na Beckett baadaye alikubali hadharani kwamba alifanya upumbavu. Kwa hiyo mnunuzi wa pauni 3 alipata kiongozi, lakini kikosi cha bungeni hakikuwa kwenye kifurushi. Ni kununua usukani wa gari ambalo magurudumu yake yana mwenyewe. Juni 2016 magurudumu yaligoma: wabunge 172 walipiga kura ya kutokuwa na imani naye, 40 wakabaki.

Toleo la pili, yaani uchaguzi mpya wa kiongozi, lilitoka mwezi uliofuata, na hapo duka lilionyesha roho yake. Bei ilipanda kutoka pauni 3 hadi 25, na dirisha likafunguliwa kwa siku mbili tu. Wanachama waliojiunga baada ya tarehe 12 Januari walinyimwa kura, ingawa walikuwa wamelipa ada kamili. Waliotaka kupiga walilazimika kulipa 25 juu. Watano walikwenda mahakamani, wakashinda tarehe 8 Agosti, wakashindwa kwenye rufaa tarehe 12. Pamoja na hayo yote zaidi ya watu 180,000 waliomba ndani ya saa 48, na Corbyn akamshinda mbunge mwenzake Owen Smith kwa 313,209 dhidi ya 193,229. Safari hii aliongoza katika milango yote mitatu, hata kwa wanachama kwa asilimia 59. Kupandisha bei hakukumfukuza mteja. Kulimkasirisha tu, na mteja mwenye hasira hasahau kupiga kura.

Kwa chama cha hapa kinachofikiria kuiga, kwa maoni yetu toleo la 2015 ndilo la kunakili, tena kwa marekebisho: uhakiki kabla ya malipo, sharti linalopimika badala ya "maadili", mtambo uliojaribiwa kwa mzigo wa siku ya mwisho, na matokeo ya kila mlango yabandikwe kando kando. Malipo kwa M-Pesa au Airtel Money yangefaa kuliko kadi ya benki, ila laini moja ya simu si mtu mmoja. Kila mtu hapa anajua nyumba yenye laini sita.

Anayetafuta bidhaa yenyewe kule ilikotoka atakosa. Septemba 2021, kwenye mkutano mkuu wa Brighton, Labour ilifuta mlango wa wafuasi wa kulipia na kupandisha sharti la sahihi hadi asilimia 20 ya wabunge. Kwa wabunge 232 wa 2015 hiyo ingekuwa sahihi 47. Corbyn, pamoja na zile za kuazima, angepungukiwa na 11.