Rclone na amana ya picha za arusi: uzoefu wangu

Mimi hupiga picha za arusi hapa Lamu, upande wa wanawake. Anayezijua arusi za kwetu anaelewa uzito wake: mle ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, hina bado mbichi, na mwanamume haingii. Mama mmoja wa biarusi alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Mwanangu, hii ni amana." Wakati huo picha zote zilikuwa kwenye diski moja ya nje, na hewa ya chumvi ya hapa haiachi chuma wala waya.

Nilitaka kuweka nakala mtandaoni, lakini sikutaka mtu yeyote aweze kuzifungua, hata kampuni yenye mitambo. Ndipo nilipoanza kutumia rclone, programu ya bure ya kunakili faili kati ya kompyuta na hifadhi za mtandaoni, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, iliyoanzishwa na Nick Craig-Wood. Inahudumia zaidi ya hifadhi 70 za mtandaoni. Mimi naitumia na Google Drive. Nafasi ya bure ya GB 15, ambayo pia huliwa na barua pepe, haikunitosha hata arusi moja, kwa hiyo nalipia.

Kilichonivuta ni sehemu yake iitwayo crypt. Kabla picha haijatoka kwenye kompyuta yangu, inafungwa kwa neno la siri, na hata jina la faili linageuzwa herufi zisizosomeka. Nikifungua Drive kwenye simu naona vurugu tupu, na moyo wangu unatulia. Lakini ukipoteza neno hilo, picha zimekwenda. Hakuna wa kumlilia. Langu nimeliandika kwenye daftari lililomo ndani ya kasha la mama. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: faili ya mipangilio ya rclone huficha maneno ya siri juu juu tu, kwa hiyo nayo iwekee neno lake la siri.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye amri ya sync. Nilikuwa nimeipangia ijiendeshe kila usiku. Kompyuta ilipojaa, nikafuta arusi mbili za zamani nikijua ziko salama mtandaoni. Asubuhi hazikuwako huko pia. Sync hufanya kule kufanane na huku: ukifuta huku, na kule inafuta. Nililia. Kilichoniokoa ni kwamba kwenye Drive vitu vilivyofutwa hukaa kwenye taka siku 30, nami niligundua mapema. Majina yalikuwa yale yasiyosomeka, sikujua kipi ni kipi, ikabidi nirudishe kila kilichofutwa usiku ule. Sasa kazi ya usiku naipa copy, ambayo hupeleka faili mpya na zilizobadilika tu, na haifuti. Sync naiendesha kwa mkono, na kwanza kwa --dry-run, inionyeshe itakachofanya bila kugusa kitu.

Kwa intaneti yetu, --bwlimit, inayowekea kasi kikomo, imenisaidia sana. Mchana nimeibana kwenye kilobaiti 512 kwa sekunde ili wenzangu nyumbani nao wapate, na kuanzia saa tano usiku naiachia. Umeme ukikatika, nikianza tena inaruka faili zilizokwisha kufika. Ila faili iliyokuwa katikati huanza upya. Kwa picha si kitu, kwa video ndefu inauma, siku hizi nazikata vipande. Kila Ijumaa naendesha cryptcheck, inalinganisha kilicho kwangu na kilicho kule.

Rclone kwa kawaida ni ya kuandika amri, si ya kubonyeza vitufe. Ilinichukua wiki mbili kuizoea. Na siwezi kumtumia mteja kiungo, maana angeona herufi tu. Namkabidhi flashi mkononi mwake, na naona ni heshima zaidi.

Mwezi uliopita dada mmoja aliyeachika alinijia akitaka picha zake zisibaki popote. Nilimkalisha kando yangu. Nikafuta folda kwenye kompyuta na kwenye diski, nikaendesha purge, inayofuta folda na vyote vilivyomo, kwa ile ya mtandaoni, kisha cleanup, inayomwaga taka zote. Akaomba nimwonyeshe orodha ya arusi. Aliisoma mpaka mwisho, jina lake halimo, akajifunga mtandio wake akaondoka.