Mbuzi ya Nazi: Ipi Ununue, na Uikague Vipi Kabla ya Kulipa

Ukikuna nazi, macho hayakusaidii kitu: kizio, yaani nusu ya nazi, kimefunika ulimi, kile chuma chenye meno. Kinachokwambia nyama imebaki kiasi gani ni kiganja na sikio. Kwa hiyo mbuzi hapa tumezipanga kwa jinsi zinavyompa mkunaji habari hiyo, kwa nyumba ya Mombasa inayokuna nazi moja au mbili kwa siku.

Ya kwanza: ya mbao, ya kukunja, yenye ulimi mnene wa chuma. Kizio kimo mikononi mwako, kila jino unalisikia. Nyama ikiwa nene, ulimi huenda laini na mlio ni mzito. Ukikaribia kifuu, mlio unakauka na kizio kinatetemeka. Zungusha, hamia upande mwingine. Ukikazana hapohapo utakuna ganda la kahawia, na tui litatoka na vidoadoa.

Ikague palepale dukani. Pitisha kidole gumba juu ya meno, polepole, bila kukandamiza. Yote yakwaruze sawasawa. Jino moja likikamata ngozi kuliko mengine, litang'oa mapande, na mapande hayakamuliki vizuri: tui jingi litabaki kwenye chicha. Meno yakiteleza chini ya kidole, ni butu tangu siku ya kwanza. Kisha shika ncha ya ulimi, usukume juu na chini. Ukicheza penye shina, rudisha. Mbao huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, basi misumari hulegea mapema. Afadhali skurubu, ambazo unaweza kuzikaza tena.

Halafu ikalie, kwa uzito wako wote, tena uegemee mbele kama unakuna kweli. Usione haya, muuzaji amezoea. Ikiyumba kwenye sakafu iliyonyooka, itayumba na nyumbani. Angalia pia pale mbao zinapopishana: pakibana mno, patakula vidole na leso.

Ya pili: ya fremu ya chuma, ulimi wa stenlesi. Karibu na bahari chuma cha kawaida hushika kutu upesi, na hapo hii inaishinda ya mbao. Ila ndimi nyingi ni bati jembamba. Ukiusukuma kwa gumba ukapinda, uache: ulimi unaopinda hutetemeka muda wote, hutajua kama umefika kifuuni au la. Miguu iwe na raba, la sivyo itateleza kwenye vigae.

Ya tatu: ya kuzungusha kwa mkono, inayonata mezani. Inamfaa asiyeweza kukaa chini. Raba yake hunata juu ya kioo, vigae au meza laini tu. Kwenye mbao ghafi au simiti inabanduka katikati ya kazi. Mkono mmoja uko kwenye mpini, habari unazopata ni nusu.

Ya mwisho: mashine ya umeme. Ya biashara hiyo. Kwa nazi mbili, kuiosha kunachukua muda mrefu kuliko kukuna.

Yoyote utakayochukua, ioshe mara tu ukimaliza, ifute, upake ulimi mafuta ya nazi. Ya mbao usiiloweke. Meno yakiwa butu, chukua tupa ndogo ya pembe tatu, upitishe kwenye kila pengo mara chache, kwa idadi ileile. Yakiisha kabisa, badilisha ulimi tu. Mbao bado ina kazi.