Amri ya fallocate kwenye ext4: nafasi iliyotengwa kweli

Kila ninapoandaa diski ya mashine pepe au faili la hifadhidata kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux), naanza na fallocate, amri ya kulitengea faili nafasi ya diski mapema, na sijaona sababu ya kuiacha. Mwito wa mfumo (ombi la programu kwa kiini cha Linux) unaoiwezesha uliingia kwenye Linux toleo la 2.6.23, mwaka 2007, na kwa kazi isiyovumilia diski kujaa katikati ya uandishi, naipendekeza bila kusita.

Ukitumia truncate, amri inayoweka tu ukubwa wa faili, kuunda faili la GB 20, ls -l (ukubwa wa faili) itakuonyesha GB 20 ilhali du (nafasi iliyotumika kwenye diski) itakuonyesha sifuri, kwa kuwa hakuna kilichotengwa. Diski ikijaa kesho, programu itakwama ingawa faili lilionekana kuwa na nafasi tele. Kujaza sifuri kwa dd, amri ya kunakili data, hutenga nafasi kweli, lakini lazima uisubiri iandike GB zote 20. Amri ya fallocate humaliza papo hapo, kwa sababu huandikisha tu kwamba vitalu fulani (vipande vidogo vya diski) ni mali ya faili hili na kuvitia alama kuwa havijaandikwa. Alama hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko yote: anayesoma vitalu hivyo hupata sifuri, wala hakutani na mabaki ya faili la mtu mwingine lililofutwa jana. Tena, kwa kuwa ombi zima huja kwa mara moja, ext4 hupata fursa ya kutafuta vitalu vinavyofuatana, na rekodi moja ya vitalu vinavyofuatana huweza kubeba karibu MB 128 vitalu vikiwa vya KB 4.

Dosari zipo. Chaguo la -n la fallocate hutenga nafasi bila kubadili ukubwa wa faili, hivyo ls -l husema sifuri na du husema GB 20, jambo linalomchanganya msimamizi asiyelijua. Kwenye Btrfs, mfumo mwingine wa faili wa Linux, dhamana ni hafifu zaidi, maana data inayoandikwa upya kwa kawaida hupelekwa kwenye vitalu vingine. Kubwa zaidi ni kwamba ext4, kwa chaguo-msingi, humwekea root (akaunti ya msimamizi mkuu) asilimia 5 ya diski. Ukiiendesha amri hii ukiwa root, faili lako laweza kuila akiba hiyo nayo, kwa hiyo mimi huiendesha kwa akaunti ya kawaida, ili nafasi ikiwa haitoshi nipate kosa hapohapo.