Tanki wako: ngao au upanga wa mikono miwili?

Vijana wa Birere, hapa Goma, wakicheza mchezo wa video Dragon Age: Origins (BioWare, 2009) hubishania hili mpaka kurani, yaani umeme, ikatike. Kundi lina watu wanne, na tanki ndiye wa kupokea mapigo ili mchawi na mponyaji wapumue.

Mwenye ngao ana mkao wa kujikinga: deraya inakuwa ngumu zaidi, ila mapigo yake yanapungua nguvu. Sawa tu, kazi yake si kuua. Kazi ni kuchokoza maadui wamshambulie yeye, na hapo ndipo wengi wanakosea kwa haraka. Simamisha mchezo, subiri maadui wamzunguke, ndipo uchokoze. Ukiwahi, walio mbali hawasikii. Wanamwendea mchawi wako. Kumbuka pia deraya nzito inaongeza uchovu, kwa hiyo kila ujuzi unakula nguvu zaidi.

Upanga wa mikono miwili unapiga vizuri, lakini polepole, na mkono wa ngao haupo. Unafaa ukiwa na mponyaji makini. Mimi upanga huo nampa mpiganaji wa pili. Mbele anabaki mwenye ngao.